Nairobi hadi New York: mbona kwenda ni saa 15 na kurudi ni saa 14?

Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York. Shirika hilo lilitangaza saa 15 za kwenda na 14 za kurudi. Viwanja ni vile vile, umbali ni ule ule, kama kilomita 11,800, na ndege ni Boeing 787 kote kuwili. Hiyo saa moja inatoka wapi?

Wapo wanaosema ni kwa sababu dunia inazunguka. Lakini dunia huzunguka kuelekea mashariki. Kama ndege ingening'inia tu angani huku dunia ikipita chini yake, basi anayekwenda magharibi ndiye angewahi kufika, maana New York ingekuwa inamjia. Hali ni kinyume. Hewa yenyewe inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Rusha chungwa juu ukiwa ndani ya matatu inayokwenda kwa mwendo usiobadilika: litarudi mkononi mwako, halitaangukia kiti cha nyuma.

Jibu ni upepo. Kati ya kilomita 9 na 12 juu, kaskazini na kusini mwa tropiki, ipo mikondo ya upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Huzaliwa pale hewa ya joto ya tropiki inapokaribiana na hewa baridi ya ncha za dunia, kisha mzunguko wa dunia huupindisha kuelekea mashariki. Majira ya baridi huwa na nguvu zaidi. Februari 2020, Boeing 747 ya British Airways ilisukumwa na upepo huo kutoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua kama saa 6 na nusu.

Karibu nusu ya njia ya Nairobi iko juu ya Afrika, na katika sehemu yake ya tropiki mikondo hiyo haina nguvu sana. Hata hivyo kidogo kinatosha. Tuseme ndege inakata hewa kwa kilomita 900 kwa saa, na upepo kwa wastani ni kilomita 30 tu. Ukiupinga, unabaki na 870, nawe utakuwa angani saa 13 na dakika 34. Ukikusukuma, unapata 930, na utatumia saa 12 na dakika 41. Karibu saa nzima hiyo, kabla hujahesabu kupaa, kushuka na kutambaa uwanjani.

Njia nayo ina yake. Ukiweka rula kwenye ramani ya ukutani, mstari unapita Nigeria na Mali. Ukivuta uzi juu ya tufe, unapita kaskazini zaidi, juu ya Chad, Algeria na Morocco, na huo ndio mfupi.

Kinachowachanganya wasafiri zaidi ni saa ya ukutani. Kwa ratiba ile ya mwanzo uliondoka Nairobi saa 5:25 usiku, ukatua New York saa 12:25 asubuhi: ungeapa umesafiri saa 7. Zile 8 nyingine ni tofauti ya majira kati ya miji hiyo miwili wakati wa baridi kule. Wakati wa kurudi ulizilipa zote: uliondoka mchana, ukafika Nairobi kesho yake asubuhi.