Samaki mdogo wa ufukweni: utamjuaje bunju?

Nimekuta samaki mdogo amekufa ufukweni. Kichwa kikubwa, mkia mwembamba, hana magamba. Ni bunju, yule samaki mwenye sumu asiyeliwa?

Anzia mdomoni. Wengi hungoja kuona tumbo limefura, lakini bunju hujijaza maji au hewa anapotishwa tu. Aliyekufa mara nyingi amenywea, ngozi ya tumbo imelegea. Fungua mdomo kwa kijiti: meno yameungana yakawa mabamba manne, mawili juu na mawili chini, makali kama mdomo wa kasuku. Kisha tazama mgongoni. Ana pezi moja dogo lililosogea nyuma karibu na mkia, na chini ya tumbo hana yale mapezi mawili waliyo nayo samaki wengi. Ngozi yake ni laini au ina vijimiba vinavyokwaruza.

Na mwenye miiba mirefu mwili mzima?

Ni jamaa yake. Huyo naye usimle.

Nimeshamshika. Nitadhurika?

Kama mkono hauna kidonda, usiwe na wasiwasi. Nawa kwa sabuni. Aliye hai ndiye wa kuchunga vidole: taya zake huvunja kaa na konokono. Mbwa naye mzuie, maana huokota chochote.

Akipikwa sana je?

Hapana. Sumu yake, tetrodotoksini, haiondoki kwa kuchemshwa, kukaangwa, kukaushwa wala kugandishwa. Hujaa zaidi kwenye ini na mayai, lakini utumbo na ngozi pia huwa nayo. Ni kweli Wajapani humla, ila huko mpishi wake lazima awe amesomea na ana leseni. Kutoa utumbo nyumbani na kuosha kwa ndimu si kinga.

Mtu ameshamla. Tufanye nini?

Hospitali, sasa hivi, pamoja na mabaki ya samaki au picha yake. Ganzi huanza midomoni na ulimini, mara nyingi dakika 10 hadi 45 baada ya kula, ingawa huweza kuchelewa saa kadhaa. Hufuata kutapika, miguu kulegea, maneno kukwama, kisha pumzi kukatika. Usipoteze muda kwa maziwa au mafuta. Hakuna dawa ya kuua sumu hii. Madaktari humsaidia mgonjwa kupumua kwa mashine mpaka mwili uitoe. Akivuka saa 24, kwa kawaida hupona. Njiani pumzi zikikatika, mpulizie mdomoni bila kukoma, na chungeni mnayosema: hata akiwa hawezi kufumba jicho, huenda anawasikia.