Malipo na macho: je, tunaona kile kinachotulipa?

Chukua karatasi mbili za pipi, zile laini zinazopitisha mwanga, moja nyekundu na moja ya kijani. Weka nyekundu mbele ya jicho la kulia na ya kijani mbele ya la kushoto, kisha utazame ukuta mweupe bila kufumba jicho lolote. Ukuta hautatulia kwenye rangi moja. Utakuwa mwekundu, baada ya muda mfupi utageuka kijani, na mara nyingine wekundu utaanzia pembeni na kutambaa mpaka uumeze ukijani wote. Mwanga ni uleule na karatasi hazijasogea.

Naanza na jaribio hili kwa sababu dhana nyingi kuhusu malipo na kuona huanguka zenyewe ukishaliona kwa macho yako.

Dhana: Jicho ni kamera, na ubongo hupokea tu picha iliyopigwa.

Charles Wheatstone wa Uingereza alieleza kupokezana huko kwa macho mawili mwaka 1838, alipoandika kuhusu stereoskopu, chombo chake cha vioo kinacholionyesha kila jicho picha yake. Jicho moja likipewa herufi S na la pili A, mtazamaji haoni mchanganyiko uliotulia. Huona S, kisha A, kisha S tena, kwa kupokezana. Taarifa za macho mawili zikigongana, ubongo huipa moja nafasi na kuificha nyingine, na mwenye macho hana habari kwamba uamuzi umefanyika.

Hapo ndipo swali la malipo linapoingia. Kama ubongo unachagua, je, uchaguzi huo unaweza kufundishwa, kama kuku anavyofundishwa kukimbilia sauti yako kwa kurushiwa mtama?

Dhana: Malipo hubadilisha maneno ya mtu tu, hayabadilishi anachokiona.

Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Sikiliza vizuri: *huita*. Methali inazungumzia ulimi, haikuapa kwamba mpenzi huyo analiona chongo kuwa kengeza. Mashaka hayo ni ya haki. Ukimwambia mtu atalipwa kila anapoona nyekundu, atasema anaona nyekundu, na wewe hutakuwa na njia ya kumkagua.

Gregor Wilbertz, Joanne van Slooten na Philipp Sterzer walilikabili tatizo hilo moja kwa moja katika utafiti waliouchapisha mwaka 2014. Kila jicho la mshiriki lilionyeshwa mistari, na mistari ya jicho moja ilielekea upande unaokatana na ule wa mistari ya jicho la pili. Hawakumuuliza, "Sasa unaona ipi?" Walimpa kazi ya kugundua alama zilizojitokeza, na kwa kuangalia alizozigundua na zilizompita, wakajua ni mistari ipi iliyokuwa imeshika nafasi wakati huo. Fedha zilitolewa mara kwa mara wakati mshiriki anaona mistari ya upande mmoja tu. Polepole, mistari iliyolipwa ilianza kukaa machoni kwa muda mrefu kuliko ile isiyolipwa. Katika jaribio la pili, ambapo kuona upande mmoja kulimkata mtu fedha, upande huo ndio uliopoteza nafasi.

Kwangu mimi huu ni miongoni mwa utafiti mzuri kabisa katika eneo hili, kwa sababu ulimi ulitolewa nje ya hesabu. Kuona kulifuata kanuni ileile inayofuatwa na matendo: kinacholipa hurudiwa, kinachoumiza huepukwa.

Dhana: Dopamini ni kemikali ya raha, basi tunaona kinachotufurahisha.

Wolfram Schultz alipopima seli zinazotoa dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe, katika ubongo wa tumbili, aliona zinashtuka pale tone la juisi linapokuja bila kutarajiwa. Tumbili akishajifunza kwamba kuna ishara inayotangulia juisi, seli hushtukia ishara, na juisi yenyewe haizisisimui tena. Juisi ikikosekana, seli hizo hunyamaza chini ya kiwango chao cha kawaida. Kinachopimwa na seli hizo si raha, ni tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana, na tofauti hiyo ndiyo inayofundisha.

Dhana: Lazima ujue unafundishwa.

Mwaka 2009 Aaron Seitz, Dongho Kim na Takeo Watanabe waliwaalika watu waliokuwa wamekaa saa kadhaa bila kula wala kunywa. Jicho moja lilionyeshwa mistari, huku la pili likimulikwa michoro ya kumetameta iliyoifanya mistari hiyo isionekane kabisa. Mistari ya mwelekeo mmoja iliambatana na matone ya maji mdomoni. Washiriki hawakupewa kazi yoyote. Walipopimwa baadaye, uwezo wao wa kuitambua mistari ya mwelekeo uleule ulioambatana na maji ulikuwa umeongezeka. Kiu ilifundisha macho somo ambalo mwenye macho hakuliona.

Dhana: Malipo yakikoma, athari nayo hukoma.

Brian Anderson, Patryk Laurent na Steven Yantis waliwafundisha watu kutafuta duara jekundu au la kijani. Rangi moja kwa kawaida ilileta senti 5, nyingine senti 1. Kisha malipo yakafutwa na kazi ikabadilika: sasa watu walitakiwa kutafuta umbo, na rangi haikuwa na maana yoyote. Bado rangi iliyowahi kulipa vizuri iliwavuta macho na kuwachelewesha. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011, na baadaye Anderson na Yantis waliikuta athari hiyo hata baada ya zaidi ya nusu mwaka.

Senti 5 hazilingani na kamari. Lakini namfikiria mtu aliyeacha kubeti kwa dhati, ambaye macho yake bado hukimbilia rangi za kibanda alichokuwa akishinda. Kumwambia hana nia ni kumwonea. Nia ni kitu kimoja, na macho yaliyofundishwa ni kitu kingine.

Dhana: Basi kila mtu huona anachotaka.

Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, maana huchukua ukweli mdogo na kuuvimbisha. Mwaka 1947 Jerome Bruner na Cecile Goodman waliwapa watoto wa miaka 10 kazi ya kurekebisha duara la mwanga mpaka lilingane na sarafu. Sarafu zilikadiriwa kuwa kubwa kuliko zilivyo, hasa na watoto maskini. Habari hiyo ikasambaa: umaskini huikuza shilingi machoni. Miaka miwili baadaye Launor Carter na Kermit Schooler walirudia. Sarafu zikiwa mbele ya watoto, tofauti kati ya maskini na matajiri haikuonekana. Ilijitokeza pale watoto walipokadiria kwa kumbukumbu, sarafu zikiwa hazipo.

Malipo hupata nafasi pale ushahidi unapogongana au unapokosekana. Rudia jaribio la karatasi za pipi, lakini safari hii fumba jicho lenye karatasi ya kijani. Ukuta utakuwa mwekundu, na hata ukiahidiwa mshahara wa mwezi mzima ili uuone wa kijani, utabaki mwekundu.