Usimtafute angani: popo mwenye pua ya moyo na majira yake

Kila mvua za masika zikikaribia, wasomaji wa Kilifi, Voi na Kibwezi huniuliza swali lile lile: nitamwona wapi yule popo mdogo mwenye pua ya moyo? Wengi huwa wameshakesha uani wakitazama juu, wakaona popo wa matunda wakielekea miembeni, wakakata tamaa na kurudi ndani. Huyu hapiti juu. Yuko kichakani, mara nyingi chini ya kimo cha mtu, ametulia tuli kwenye kitawi, anasikiliza.

Jina lake la kisayansi ni Cardioderma cor, na hilo la pili, jina la spishi, alipewa na mtaalamu wa wanyama Wilhelm Peters mwaka 1872. Cor ni Kilatini, maana yake moyo, kwa sababu ya lile jani la ngozi lililosimama juu ya pua yake. Ana uzito wa gramu 21 hadi 35 tu. Manyoya ni ya kijivu chenye ubuluu, masikio marefu yameungana juu ya kipaji, na macho ni makubwa kuliko ya popo wengi wanaokula wadudu. Mara ya kwanza nilipomshika, glavu mkononi, sikuangalia pua. Niliangalia masikio. Jani kavu likikwaruza ardhi hapo chini yetu, yanatetemeka.

Masikio hayo ndiyo riziki yake. Mwaka 1987 watafiti Ryan na Tuttle walichapisha majaribio waliyofanya na popo hawa Kenya: anachokifuata hasa ni sauti ya windo lenyewe, mchakacho wa mdudu anayetembea kwenye majani makavu. Milio yake ya kupimia giza, ile ambayo mwangwi wake humwonyesha kilicho mbele, ni hafifu mno, kiasi kwamba mashine zetu za kunasa sauti za popo humkosa hata akiwa karibu. Kwa hiyo ukisoma orodha ya popo wa eneo fulani iliyotokana na mashine peke yake, usikubali haraka kwamba hayupo.

Ni popo wa nyika kavu ya Afrika Mashariki: Eritrea, Ethiopia, Djibouti, Somalia, Uganda upande wa kaskazini-mashariki, Kenya, mpaka Tanzania. Mchana hulala kwa makundi ndani ya mibuyu yenye uwazi, na huku pwani pia kwenye mapango ya mawe ya matumbawe. Usimchanganye na binamu yake Lavia frons mwenye mabawa ya manjano. Yule hujining'iniza mchana kweupe kwenye migunga, na unaweza kumpiga picha saa nne asubuhi.

Sasa wakati. Kiangazi yupo, ila ni mgumu. Ardhi imekauka, wadudu wanaoruka wamepungua, naye hukaa muda mrefu kwenye kitawi akisubiri mbawakawa, tandu au nge apite chini. Unaweza kupita mita tatu kutoka kwake usijue. Mvua zikinyesha, mambo hubadilika: wadudu wanajaa majanini na hewani, anaruka mara nyingi zaidi, na la muhimu kuliko yote, anaimba. Mtafiti Terry Vaughan, aliyewafuatilia kusini mwa Kenya na kuchapisha kazi yake mwaka 1976, alieleza jinsi kila mmoja anavyokuwa na eneo lake la kuwindia usiku na kulitangaza kwa wimbo. McWilliam naye aliwachunguza hapa pwani ya Kenya, akaandika mwaka 1987 juu ya jozi zinazolinda maeneo yao. Wimbo huo sikio la binadamu linausikia bila chombo chochote, jambo ambalo bado hunisisimua kila msimu.

Ushauri wangu ni huu: nenda masika, Machi hadi Mei, au mvua za vuli za Novemba, ambazo Ukambani ndizo za kutegemewa zaidi. Kaa kando ya vichaka vilivyo karibu na mbuyu wenye uwazi, giza likishaingia, uzime taa. Ukisikia milio mikali, mifupi, inayorudiwa kutoka kichaka kimoja halafu kingine, umempata. Washa taa nyekundu, kwa sekunde chache tu.

Nawaomba sana msiingie ndani ya mbuyu wala pangoni kumtafuta. Nyakati za mvua ndizo majike wananyonyesha, na kundi likishtuliwa huenda likahama. Wala asiye na chanjo na mafunzo asimshike popo yeyote: mwaka 2009, katika popo wa jamii nyingine kwenye pango la pwani, kilipatikana kirusi cha jamaa ya kichaa cha mbwa, kikaitwa kwa jina la Shimoni.

Masika iliyopita nilikaa karibu na Kibwezi chini ya mgunga mmoja, mvua imekatika muda si mrefu. Dume alikuwa anaimba hatua kumi hivi kutoka nilipo. Ghafla akanyamaza. Nikasikia kishindo kidogo kwenye majani, kisha kimya, kisha tawini juu yangu mgongo wa mbawakawa ukivunjwa kwa meno, kra, kra, na bawa moja gumu likaniangukia gotini. Akamaliza, akaanza kuimba tena.