Je, wajua kwa nini programu ya C, lugha ya kompyuta, huweza kuchapisha mstari wa mwisho wa faili mara mbili?

Chukua faili lenye majina matatu, Asha, Juma na Neema, kila jina kwenye mstari wake, likifuatwa na alama ya mstari mpya. Lisome kwa kitanzi hiki cha C:

while (!feof(f)) {
    fgets(mstari, 80, f);
    printf("%s", mstari);
}

Hapa feof huuliza kama faili limekwisha, fgets husoma mstari mmoja na kuuweka kwenye hifadhi iitwayo mstari, na printf huuchapisha. Neema atatokea mara mbili. Mara ya kwanza yaliponikuta nililaumu faili, nikalifungua kumtafuta Neema wa pili. Hakuwepo.

Niliamini kila faili lina alama ya EOF (end of file, mwisho wa faili) mwishoni, na kwamba feof huchungulia mbele kuona kama tumeifikia. Yote mawili ni makosa. EOF haimo ndani ya faili. Ni namba hasi, kwa kawaida -1, ambayo fgetc, inayosoma herufi moja, hurudisha ikikosa cha kusoma. Ndiyo maana fgetc hurudisha int (namba nzima), si char (baiti moja): baiti ina thamani 256 na zote zaweza kuwemo kwenye faili, basi jibu la "hakuna kitu" lazima liwe la 257. Imani ya alama ina asili yake, lakini. CP/M, mfumo endeshi wa miaka ya 1970, ulihesabu faili kwa mafungu ya baiti 128 bila kujua maandishi yanaishia wapi hasa, kwa hiyo maandishi yalimalizwa kwa herufi namba 26, yaani Ctrl-Z, na MS-DOS, mfumo endeshi uliofuata, ikairithi desturi hiyo. Nayo eof ya Pascal, lugha nyingine ya kompyuta, kweli huchungulia mbele. Huenda wengine walihama na mazoea ya huko.

feof ya C haitabiri kitu. Inaripoti yaliyokwisha kutokea.

Fikiria unachota maji gizani kwa kata kwenye mtungi. Umechota kata ya mwisho, mtungi umebaki mkavu, ila wewe hujui. Ukiulizwa kama maji yamekwisha utajibu hapana, maana kata haijawahi kupanda tupu. Utaichovya tena, na hapo tu ndipo utajua. Katika C kuna nyongeza ya ajabu: fgets ikikosa kabisa, haigusi kilichomo kwenye mstari. Hifadhi hiyo ni kama kikombe unachomiminia kila kata: bado kina maji ya Neema, na printf inamkaribisha mgeni kwa maji yaleyale.

Dawa ni kuuliza kata yenyewe, maana fgets hurudisha NULL, yaani hakuna kitu, ikikosa cha kusoma:

while (fgets(mstari, 80, f) != NULL)
    printf("%s", mstari);

Sasa futa alama ya mstari mpya baada ya Neema, kisha urudie kitanzi kile kibovu. Kosa limetoweka! Ikitafuta mwisho wa mstari, safari hii fgets inagonga sakafu ya mtungi palepale inapochota Neema, na feof inakuwa kweli kwa wakati. Ndiyo maana programu hupita kwenye faili la majaribio na kuharibika kwenye la mteja. Kwa fgetc bahati hiyo haipo: huchota herufi mojamoja, na sakafu haiguswi mpaka uchovye mara moja zaidi.