Jina si ID, jamani

Juzi tena. Mwenye gesti huko Shela ananipigia, wateja wametokea mara mbili mbili kwenye programu ya hesabu, na fundi aliyemuunganishia programu hiyo na app ya kubukia anajitetea ati "nimeweka ilinganishe majina". Majina! Lamu hii! Simama forodhani uite Mohamed Ali uone watageuka wangapi, na huyo mmoja unayemtaka ni Mohamed kwenye app hii, Moh'd kwenye ile.

Haya, simu. Afadhali kidogo, ila huku imeandikwa 07, kule +2547, na ilopitia Excel sifuri imemezwa. Mimi nabakisha tarakimu tisa za mwisho, kwa namba za Kenya yatosha, kwa Mtaliano wa Malindi usijaribu. Na bado kuna mama anayebukia ukoo mzima kwa simu yake.

Dawa inajulikana: rekodi ina ID, yaani namba yake ya pekee, kule inakotoka, ongeza fildi (nafasi ya kuiandika) kwenye app ya pili uihifadhi. Siku ya kwanza tu ndio unabahatisha kwa simu au imeili, ukishampata unaandika ID, basi. Iko, sasisha. Haiko, unda. Na database yenyewe ikatae ID kujirudia, usitegemee if yako (ile "kama hayuko, unda" unayoiandika kwenye programu), maana mgeni akibuku na kulipa sekunde hio hio taarifa mbili zinaingia pamoja, zote zinauliza "yuko?", zote zinaambiwa hayuko, umeshapata mapacha.

Lakini mapacha si shida kubwa, na hapa ndipo watu wananichosha. Wanaogopa rekodi mbili za mtu mmoja kuliko watu wawili ndani ya rekodi moja! Mapacha utawaunganisha hata kesho. Waliochanganywa utawatenganishaje, na risiti za huyu zishaingia kwa yule? Niliwahi kukuta wageni wasio na imeili wote wamekuwa mtu mmoja, kisa imeili tupu ni sawa na imeili tupu. Kitu kikiwa tupu usikilinganishe, ruka.

Wale wa katikati, jina limekaribia na simu imebadilika, sina fomula. Nimejaribu kuwapa alama za kufanana, kila nikishusha kiwango ananasa asiyekuwa, nikipandisha anaponyoka mwenyewe. Siku hizi nawaprinti nampelekea dada wa mapokezi na kalamu. Wa Shela walikuwa arobaini na kitu, chai haijapoa kashamaliza, wawili tu ndio akasema "hawa hata mimi siwajui", nikawaacha mbali mbali.