Mikono Hainyanyui Pikipiki

Wiki hii amenijia tena kijana mwenye mabega mapana. Kanionyesha video kwenye simu: kakaa juu ya pikipiki, anauvuta usukani mpaka mishipa ya shingo imemtoka, tairi la mbele linaruka sentimita 10 kisha linajibwaga chini. Swali lake: "Mwalimu, ili niinue mbele na kwenda kwa tairi la nyuma peke yake, nifanye mazoezi gani ya mikono?"

Hakuna. Swali hili nimeulizwa mara nyingi mno, na kila anayeniuliza ameshaanza kuumia mgongo.

Kaa kwenye kiti, shika miguu ya kiti hicho hicho, halafu jaribu kujinyanyua pamoja nacho. Ndicho unachokifanya ukivuta usukani. Mikono inavuta juu, na makalio na miguu yako vinaisukuma pikipiki chini kwa nguvu ile ile. Utaniambia, mbona watu wa baiskeli wanaweza? Wale wanaurusha mwili nyuma, na mwili wao ni mzito mara kadhaa kuliko baiskeli. Wewe una kilo 70 juu ya chuma cha kilo 180. Kuurusha mwili nyuma kunasaidia kidogo, kwa sekunde moja, na msaada huo mdogo ndio unaowadanganya watu waamini kwamba kazi yote imefanywa na mikono.

Kinachonyanyua ni tairi la nyuma linapoisukuma barabara. Msukumo uko chini kabisa, uzito wako na wa pikipiki uko juu, kwa hiyo mbele inataka kuinuka. Tuseme kitovu cha uzito, wewe ukiwa juu yake, kiko milimita 700 mbele ya ekseli ya nyuma na milimita 700 kutoka ardhini. Ili tairi la mbele liage ardhi, mchapuko wako, yaani kasi yako inavyoongezeka, lazima ufikie ule wa kitu kinachoanguka, mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde. Ni mwingi. Ndiyo maana tunatumia gia ya kwanza au ya pili, ndiyo maana tunavuta klachi kidogo, tunaongeza resi ya injini, kisha tunaiachia klachi kwa haraka. Klachi haihitaji maelezo marefu, inahitaji mazoezi.

Sasa hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Mbele ikishainuka, kitovu cha uzito kinapanda na kurudi nyuma kwa pamoja. Kwa vipimo vile vile, ukifika digrii 30 unahitaji kama asilimia 40 tu ya ule mchapuko wa kuanzia. Ukifika karibu digrii 60, uzito wote umesimama juu ya ekseli ya nyuma na huhitaji mchapuko wowote; hapo ndipo pa mizani. Maana yake resi iliyokunyanyua ndiyo hiyo hiyo itakayokubwaga chali. Unatakiwa uanze kuipunguza wakati mbele bado inapanda, wakati moyo wako wote unakwambia uongeze. Mwenye kuvuta kwa mikono hawezi kufanya hivi, kwa sababu mkono unaoning'inia kwenye usukani unazungusha resi bila mwenyewe kutaka. Kila pikipiki ikipanda, mwili unateleza nyuma, kifundo kinakunjika, resi inafunguka zaidi. Nimeona watu wazuri wakianguka hivyo, na wote walisema pikipiki "imekimbia yenyewe".

Halafu kuna breki ya nyuma. Ukiikanyaga, ardhi inalishika tairi la nyuma na mbele inashuka papo hapo, hata kama umeshapita kidogo pale pa mizani. Klachi haikupi hilo. Ukishapita mizani ukavuta klachi, tairi linabaki huru na wewe unaendelea kwenda chali. Mimi nililijua hili kwa maneno kwa muda mrefu kabla ya kulijua kwa mwili. Siku moja nilikuwa nimeuweka mguu wa kulia vibaya, kisigino tu kikiwa kwenye kikanyagio, vidole viko hewani. Mbele ikapanda, nikatafuta breki, nikakanyaga hewa. Nilianguka kwa mgongo na pikipiki ikaenda mbele peke yake. Helmeti iliniokoa. Tangu siku hiyo vidole vya mguu vinakaa juu ya pedeli kabla sijagusa klachi, kila mara.

Kushuka: usifunge resi ghafla. Iache kidogo ili mbele itue taratibu, usukani ukiwa umenyooka, la sivyo utabadilisha sili za shokapu na beringi za usukani kila mara. Barabara ya watu si mahali pa mambo haya, na silijadili hilo.

Kuna jambo moja linanisumbua. Mimi hufundisha klachi mapema, wenzangu wengine huanza na resi peke yake. Njia yangu inawafikisha wanafunzi haraka, lakini pia inawapandisha juu kabla hawajaizoea hofu, na kuna usiku nalala nikijiuliza kama sijawakosea.

Wala siwezi kuwaambia waache. Pale pa mizani, ukipafikia, sauti ya injini inashuka, usukani unakuwa mwepesi kama hauna kitu mbele yake, barabara inapotea machoni na unabaki kuitazama kwa pembeni. Kidole cha mguu kinagusa breki, resi inarudi kwa upana wa unywele, na ule uzito wote umetulia kwenye tairi moja. Miaka imepita na bado nikishuka mikono inatetemeka.

Kijana atarudi Jumamosi. Nimemwambia saa nzima ya kwanza hatutapanda zaidi ya sentimita 20. Atanyanyua, atakanyaga breki, atanyanyua, atakanyaga, mpaka mguu ukanyage kabla yeye hajaamua.