Kisu cha nyuma ya diski: kinga ya kwanza dhidi ya mbao kurushwa

Msumeno wa meza "unarusha mbao" pale kipande unachopasua kinapochomoka ghafla na kumrudia fundi, mara nyingi kwenye usawa wa tumbo. Diski ya inchi 10 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, meno yake hukimbia takriban kilomita 190 kwa saa. Hakuna mkono unaowahi kuzuia kitu cha namna hiyo.

Meno ya mbele, yanayokutana na mbao kwanza, hayana ugomvi na wewe: yanashuka, kwa hiyo yanaikandamiza mbao mezani. Balaa liko nyuma ya diski, ambako meno yanapanda. Mbao ikiyaegemea hayo hunyanyuliwa na kutupwa upande uliosimama. Huyaegemea kwa sababu imeacha kufuata fensi (ukingo ulionyooka wa mezani unaoiongoza mbao), au kwa sababu mkato umejifunga. Mkaratusi ni hodari wa hili la pili: gogo lake hukua na mvutano ndani, na ukilipasua vipande hupinda vyenyewe, saa nyingine vikaibana diski.

Wapasua mbao wa msumeno wa mkono wanaijua dawa yake, ndiyo maana huchomeka kabari kwenye mkato kadiri wanavyosonga mbele. Kisu cha nyuma ya diski ni kabari hiyohiyo, ila imefungwa kwenye mashine. Ni bamba la chuma lisilo na makali, lililochongwa kufuata duara la diski, likisimama nyuma yake bila kuachana nayo zaidi ya milimita 8. Unene wake ndio wenye siri: uzidi bamba la diski, yaani mwili wake bila meno, lakini usifikie upana wa mkato. Meno yakikata milimita 3 na bamba la diski likiwa 2, kisu cha 2.5 kinafaa. Kikiwa kinene kuliko mkato, mbao inakwama. Kikiwa chembamba kuliko bamba la diski, kimewekwa pambo.

Kilicho bora hupanda na kushuka pamoja na diski, na kilele chake hakivuki meno ya juu, hivyo hata ukichimba mfereji, mkato usiotoboa mbao hadi juu, hukitoi. Vile vya zamani vilivyoshikana na kifuniko cha diski lazima vitolewe kwa kazi hiyo, na vikishatolewa, tuseme kweli, huwa havirudi.

Vifaa vingine ni wasaidizi. Kucha za chuma, zinazoing'ata mbao ikitaka kurudi, huiruhusu kwenda mbele tu. Sega la mbao, kipande chenye vidole vinavyonesa, huibana kwenye fensi, lakini lifungwe kabla ya diski. Ukilifunga ubavuni mwa diski linaufunga mkato wenyewe. Kisukumio, cha kusukumia mbao badala ya mkono, kikiwa chema ni kipana, chenye kisigino, kinachokandamiza huku kikisukuma. Kijiti chembamba kinaokoa vidole ila hakiizuii mbao kunyanyuka.

Kwenye benchi nyingi zinazochomelewa mtaani, diski inachungulia juu ya bati na nyuma yake hakuna kitu. Kama diski hiyo haipandishwi wala kushushwa, kisu kisichosogea kinatosha, na mchomeleaji makini anaweza kukifunga. Kabla ya kuwasha, weka rula ndefu iliyonyooka ubavuni mwa diski hadi kwenye kisu, pande zote mbili. Kikiwa kimeegemea upande mmoja, kitaisukuma mbao nje ya mstari na kuleta kilekile kilichowekwa kukizuia.